Watalii wa baiskeli wanafaidi mizabibu ya Ufaransa, mkulima je?

Kila ifikapo kiangazi, mabonde ya mito ya Ufaransa hujaa watu waliopanda baiskeli. Hawa si wanamashindano wa Tour de France. Ni familia, wastaafu na vijana waliofunga mikoba pande mbili za gurudumu la nyuma, wakienda kilometa 40 au 50 kwa siku kutoka kijiji hadi kijiji. Njia inayojulikana sana ni ile iitwayo La Loire à Vélo, yenye urefu wa takriban kilometa 900, inayoufuata mto Loire kutoka karibu na mji wa Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye pwani ya Atlantiki. Sehemu yake kubwa ni tambarare, na ndiyo maana hata mtu asiyefanya mazoezi huimudu.

Mtindo huu wa likizo haukuanza jana. Mwaka 1936, serikali ya muungano wa Front Populaire ilipowapa wafanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo, wengi wao hawakuwa na gari, na baiskeli ndiyo iliyowatoa mjini. Kilichobadilika ni mfuko wa msafiri. Zamani alibeba hema na mkate wake. Leo wengi hulala nyumba za wageni na kula mgahawani.

Kwa uchumi wa vijijini huyu ni mteja mzuri. Mwenye gari hupita tu, lakini mwenye baiskeli hana budi kusimama. Kila baada ya saa chache ana njaa au kiu, na jioni ikiingia hawezi kukimbilia mji ulio kilometa 100 mbele kutafuta kitanda cha bei nafuu. Kwa hiyo fedha zake hubaki kwa mwoka mikate, kwa mama mwenye vyumba viwili vya kupangisha na kwa fundi baiskeli. Wafaransa wameliona hilo na wameweka alama ya Accueil Vélo, inayotolewa kwa nyumba ya wageni iliyo ndani ya kilometa 5 kutoka njia rasmi, yenye mahali salama pa kufungia baiskeli na vifaa vya kuzibia pancha.

Zaidi ya hayo, njia zenyewe nyingi hazikuhitaji ardhi mpya. Zimepita juu ya matuta ya mito, kando ya mifereji ambako zamani farasi walikokota mashua, na juu ya reli zilizokufa. Njia ya Roger Lapébie, inayotoka karibu na Bordeaux hadi Sauveterre-de-Guyenne katikati ya mashamba ya Entre-Deux-Mers, ilikuwa reli kabla ya kupewa jina la mshindi wa Tour de France ya mwaka 1937. Ni nadra fedha ya umma kununua biashara nyingi kiasi hicho kwa lami kidogo kiasi hicho.

Hata hivyo, hesabu hubadilika mtu akiuliza mkulima wa zabibu anapata nini. Chupa moja ya mvinyo ina uzito wa zaidi ya kilo 1. Msafiri anayefika Vouvray, ambako mvinyo wa zabibu aina ya chenin blanc (zabibu ambayo hata wakulima wa Dodoma wanaijua) huhifadhiwa katika mapango yaliyochongwa kwenye mwamba laini wa chokaa, ataonja aina tatu au nne, atasifu, kisha atanunua chupa moja kwa sababu mkoba umejaa. Tena kuonja kwenyewe kuna mpaka, maana kikomo cha gramu 0.5 za kilevi katika lita moja ya damu kinamhusu mwendesha baiskeli kama kinavyomhusu dereva. Mkulima mjanja huandika anwani ya mgeni na kumtumia kasha la chupa 6 nyumbani. Hiyo ni njia nzuri, hasa kwa kuwa sheria ya Evin ya mwaka 1991 inabana matangazo ya vileo. Lakini inamtaka mtu wa kukaa mlangoni mchana kutwa, hata siku ya kupulizia dawa, na mkulima mdogo hana mtu huyo.

Kule Burgundy kuna kero ya namna nyingine. Njia ya Beaune hadi Santenay, ya kilometa 20 na ushei, hupita Pommard, Volnay na Meursault juu ya barabara zile zile za mashambani. Trekta na mtalii anayepiga picha hugombea upana mmoja, na wakati wa kuvuna trekta haina muda wa kungoja. Cha ajabu ni kwamba mashamba maarufu ya hapo ndiyo yenye shida ndogo zaidi ya mteja huyo, kwani mvinyo wao una wanunuzi wa kutosha duniani.

Wenye shida wako kwingine. Katika miaka ya 1960 Mfaransa mmoja alikunywa wastani wa zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka. Leo hafikishi nusu ya hizo. Mwaka 2023 wakulima wa Bordeaux waliwekewa mpango wa kulipwa yuro 6,000 kwa hekta ili wang'oe mizabibu, na mwaka 2024 ukafuata mpango wa nchi nzima wa yuro 4,000 kwa hekta. Ukiongeza sakitu ya Aprili 2021 iliyounguza machipukizi karibu kila mkoa, utaelewa kwa nini wengine walipokea fedha hizo bila kubembelezwa.

Ikumbukwe kwamba anachouza mwenye nyumba ya wageni ni mandhari. UNESCO ilipoliingiza bonde la Loire katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mashamba ya Burgundy mwaka 2015, ilitambua ardhi iliyotengenezwa kwa kazi ya binadamu. Kazi hiyo ni kupogoa katika baridi ya Januari, kufunga matawi kwenye waya na kujenga upya kuta za mawe. Mvinyo una bei, mandhari hayana, na gharama za vyote viwili hutoka kwenye mfuko mmoja.

Dawa haiko mbali. Halmashauri za Ufaransa zina kodi ya malazi, inayotozwa kwa kila mgeni kwa kila usiku. Sehemu yake ingelipwa kwa mkataba kwa mkulima anayeacha njia ipite, anayetunza kuta, na anayepanda ua kati ya baiskeli na bomba la dawa. Wapo watakaosema kwamba wakulima wa Ulaya wanapewa ruzuku tayari, na kwamba si kazi ya mtalii kudumisha mvinyo usio na mnunuzi. Wana haki. Ndiyo maana mkataba uwe wa ardhi, hata kama mizabibu imepisha malisho, mizeituni au miti. Entre-Deux-Mers, ambako reli ya zamani imekuwa njia ya baiskeli na mizabibu inang'olewa, pangefaa kwa majaribio ya miaka mitatu kabla shamba lililoachwa halijageuka kichaka.