Wasusi Walipwe Kwanza



Naomba nafasi kidogo nitoe maoni yangu juu ya Knitty, jarida la wafumaji lililoanzishwa na Bi Amy Singer huko Kanada mwaka 2002. Husomwa bure kwenye intaneti, lakini mtu akibuni sweta au soksi na kazi yake ikatolewa humo, hulipwa. Fedha hutokana na matangazo na michango ya wasomaji wenyewe.

Hapa kwetu Iringa vikapu vya milulu vinasifiwa na kuuzwa hadi Ulaya, lakini aliyebuni nakshi zake hatajwi hata jina! Anayetaka kuwaunganisha akina mama wasusi kwa jarida aanze na malipo. Picha za bure wamekwisha pigwa nyingi mno.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iringa.