Ada ya Bima ya Gari Hupunguzwa Barabarani

Mwenye lori la kubebea tangawizi huko Mamba, katika milima ya Upare wilayani Same, aghalabu huihesabu ada ya bima miongoni mwa kodi. Huilipa kwa kuwa askari wa usalama barabarani huidai stika, na ada inapopanda hulaumu kampuni au wakala wake. Fikra hiyo yaeleweka, lakini si sahihi. Ada ya bima ni kipimo. Hupima hatari ambayo madereva na wenye magari huizalisha kwa pamoja, na kama ilivyo kwa kipimo cha homa, haifai kukikemea kipimo ilhali ugonjwa wenyewe haujatibiwa.

Hesabu ya ndiva

Kanuni ya kuchangia si ngeni Upareni. Ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba, huchimbwa na kutengenezwa kwa msaragambo. Maji hukusanyika usiku, na mchana hufunguliwa kwa zamu. Mfuko wa bima ni ndiva ya fedha. Kila mwenye gari humimina kidogo, na yule aliyepatwa na ajali hufunguliwa mfereji. Yatokayo yakizidi yaingiayo, ndiva hukauka.

Na ichukuliwe mfano wa kubuni wa malori 100, kila moja likiwa na thamani ya shilingi 40,000,000. Ikiwa kwa mwaka malori mawili huteketea kabisa, hasara ni shilingi 80,000,000. Matengenezo ya ajali ndogo ndogo yakigharimu shilingi 20,000,000, jumla huwa 100,000,000, na kila mmoja hana budi kuchangia 1,000,000, kabla ya gharama za kuuendesha mfuko. Likiteketea lori la tatu, mchango hupanda hadi 1,400,000. Ajali moja imeongeza shilingi 400,000 juu ya kila mwanachama, wakiwamo wale 97 ambao malori yao hayakuteketea.

Mfano huo waonyesha pia sababu ya pili. Bei za magari na vipuri, ambavyo vingi huagizwa kutoka nje, zikipanda kwa robo, mchango wa 1,000,000 huwa 1,250,000 hata kama hakuna ajali iliyoongezeka. Sababu ya tatu ni udanganyifu: anayedai fidia ya taa iliyovunjika zamani huwaibia wachangiaji wenzake, ingawa hudhani kwamba ameikomoa kampuni.

Mwanafunzi aweza kuuliza kwa nini wenye malori 10 wasijiundie mfuko wao. Jibu lilitolewa na mwanahisabati Jakob Bernoulli katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, baada ya kufa kwake: matukio ya bahati hutabirika vizuri zaidi kadiri idadi inavyokuwa kubwa. Katika kundi la malori 10 huenda ikapita miaka mitano bila lori kuteketea. Lakini siku likiteketea moja, kila mmoja atadaiwa shilingi 4,000,000 kwa mara moja.

Joto la mteremko

Ajali nazo zina sababu zake, na nyingi hufundishwa katika somo la fizikia. Lori la tani 7 likishuka kimo cha mita 800 kutoka milimani hadi tambarare, hupoteza nishati ya takriban jouli 56,000,000. Nishati hiyo haipotei hewani bila kazi. Dereva anayeshuka kwa gia nzito huifanya injini ibebe sehemu kubwa ya kazi ya kulizuia gari. Yule anayeliachia gari bila gia ili aokoe mafuta huutupa mzigo wote kwenye breki, na joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 160 za maji ya baridi. Breki zilizopata moto kiasi hicho hulegea, hasa pale zinapohitajiwa zaidi.

Mwendo nao una hesabu yake. Nishati ya gari hukua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 80, huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Tairi lililochakaa likipasuka katika kasi hiyo, dereva hubaki na nafasi ndogo mno. Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba huko Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Taarifa ya serikali ya siku iliyofuata ilitaja watu 38 waliokufa, na idadi hiyo iliongezeka baadaye. Chanzo kilitajwa kuwa ni kupasuka kwa tairi. Hakuna fidia inayoweza kulipia msiba wa namna hiyo. Ndiyo maana suala la ada haliwezi kutengwa na suala la uhai.

Yanayoweza kufanywa

Tangu 1967 hadi sheria ya 1996 ilipofungua mlango, biashara ya bima Tanzania Bara ilishikwa na Shirika la Bima la Taifa peke yake. Leo kampuni ni nyingi, nazo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mwenye gari ana nafasi ya kulinganisha masharti, na yapo mambo ambayo yamo mikononi mwake.

Kwanza, aandikishe thamani halisi ya gari. Akizidisha, atalipa ada kubwa bila faida. Akipunguza, fidia nayo itapunguzwa. Pili, aulize punguzo la miaka iliyopita bila madai. Tatu, akubali kubeba sehemu ya kwanza ya hasara ikiwa uwezo anao, ili mfuko usisumbuliwe kwa kila mkwaruzo. Nne, wakulima na wachukuzi wa tangawizi waende kwa mkata bima wakiwa kundi, wakiwa na kumbukumbu za matengenezo na za madereva wao. Tano, asitaje lori la biashara kuwa la matumizi ya nyumbani, wala asinunue stika bila kuihakiki katika mfumo wa TIRA. Urahisi wa namna hiyo hugeuka hasara siku ya ajali.

Aidha, wengi hukata bima ndogo tu. Yafaa ikumbukwe kwamba hiyo hulipia madhara waliyopata watu wengine. Lori la mwenyewe likianguka bondeni, hapati kitu. Kwa familia iliyouza shamba ili kununua lori, bima ndogo si akiba ya fedha hata kidogo.

Liko pia jambo la kusahihishwa na wasimamizi. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa na kima cha chini cha shilingi 100,000 pamoja na kodi ya asilimia 18, yaani 118,000. Dereva mwangalifu na dereva mzembe hutozwa sawa. Usawa huo una wema wake, kwani humwezesha kila mtu kuingia katika mfuko. Lakini huinyima ada nguvu ya kufundisha. Ingefaa kumbukumbu za makosa ya barabarani na ukaguzi wa magari zihesabiwe katika kupanga ada, ili uangalifu uonekane katika risiti.

Shule za sekondari zinaweza kuanza bila kungoja. Asilimia, uwezekano na nishati vimo tayari katika mitaala. Mwalimu akiwapa wanafunzi wake lori, mteremko na mfuko wa watu 100, watagundua wenyewe kwamba anayebadilisha tairi bovu kabla ya safari huwapunguzia ada watu ambao hatawajua kamwe.