UDI WETU WANUKA, CHUPA YA PARIS YANUKIA?

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Msemo huu ndio ulionisukuma kuishika kalamu, kwani kuna jambo linalonikera humu shuleni na sharti nilitoe wazi.

Sisi wanafunzi wa kutwa huja na harufu za kwetu. Mwenye mama anayeuza mahamri huja na iliki. Mimi, ambaye mamangu huchoma udi chetezoni kila Alhamisi jioni na kufukiza nguo zote, huja na udi. Nikiketi tu, utasikia: "Aa! Nani ameleta uganga hapa?" Lakini akitokea mwenzetu aliyejipulizia pafyumu ya vanila na ambari, ile nzito ya kuvaliwa usiku, wote humzunguka. "Wee! Umeitoa wapi hiyo?" Udi waitwa uchawi, chupa yaitwa ustaarabu. Je, hiyo ni haki?

Hebu tuifungue hiyo chupa. Kati ya manukato ya aina hiyo, yaliyovuma sana ni Shalimar ya Jacques Guerlain wa Ufaransa, iliyoonyeshwa Paris mwaka wa 1925. Harufu yake kuu ni vanila. Mmea wa vanila asili yake ni Meksiko, lakini mbinu rahisi ya kuchavusha ua lake kwa mkono iligunduliwa mwaka wa 1841 katika kisiwa cha Réunion, huku huku Bahari ya Hindi. Aliyeigundua ni Edmond Albius, mtoto mweusi, mtumwa, mwenye umri wa miaka 12. Alitumia kijiti na kidole gumba tu! Kwa mbinu hiyo Madagaska imekuja kuongoza duniani kwa vanila. Albius mwenyewe alikufa maskini mwaka wa 1880.

Na ambari je? Ambari ya asili hutoka tumboni mwa nyangumi na kutupwa ufuoni na mawimbi. Msafiri al-Masudi, katika karne ya 10, aliitaja ambari ya nchi ya Zanj, yaani pwani hii yetu. Siku hizi kinachoitwa ambari katika pafyumu kwa kawaida ni vanila iliyochanganywa na gundi za miti zenye kunukia. Hizo ni ndugu za ubani anaochoma mama! Ukinusa na karafuu humo, kumbuka Pemba.

Wapo watakaosema, "Lakini udi ni mzito mno kwa darasa." Sikatai. Harufu nzito hupaa polepole, hushika nguo kutwa nzima, na joto la mchana huizidisha. Ndiyo maana wajuzi huivaa jioni, jua likishatua. Hata hivyo, msumeno hukata mbele na nyuma. Ikiwa udi unaumiza kichwa saa nane mchana katika darasa la watu hamsini, pafyumu ya vanila nayo inaumiza.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Kwanza, walimu wetu wapendwa, sheria iwe moja. Anayejipulizia darasani akatazwe, iwe ni marashi ya dukani au ya nyanya. Lakini nguo iliyofukizwa nyumbani isiwe kosa, maana mtoto hachagui harufu ya kwao.

Pili, wenzangu, acheni kuziba pua. Anayenicheka mimi amcheka mamangu, ambaye hutenga senti zake anunue kipande cha udi ili nguo zetu za viraka zinukie kama za wenye nazo. Mkiweza kumsifu Mfaransa kwa kukoroga vitu vya bahari yetu, mnashindwaje kumheshimu mama wa jirani?

Nisiwachoshe, natia nanga hapa. Udi wetu wanukia.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu