Daktari Bingwa na Sahani ya Mgonjwa

Baba yangu mdogo alirejea kutoka hospitali ya rufaa akiwa na agizo moja la daktari bingwa: "Mzee, punguza wanga." Kwa utiifu wake, akaacha kabisa ugali wa jioni, huku akiendelea kujichoma insulini kwa kipimo kilekile. Usiku wa tatu tulimkuta hajitambui. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Alipona, lakini swali halikunitoka: ni nani aliyepaswa kumweleza kwamba dozi na chakula huenda pamoja?

Simlaumu daktari yule binafsi. Naulaumu mfumo uliomlea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Planetary Health yalibainisha kuwa wanafunzi wa udaktari katika nchi mbalimbali hawaandaliwi vya kutosha kutoa huduma ya lishe. Pengo hilo lisipozibwa katika shahada ya kwanza, ubingwa hulirithi.

Haikuwa lazima iwe hivi. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari wa watoto aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa tunaouita kwashakoo. Aliwasikiliza kina mama, akauhusisha na chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa, na jina lenyewe akalichukua kutoka lugha ya Wagaa. Kuuliza mgonjwa anakula nini ni sehemu ya uchunguzi wa kitabibu.

Nchini kwetu, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wodini, mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75 kabla ya F-100, kwa sababu kumlisha kwa pupa kunaweza kumuua. Chakula nacho kina kipimo, kama dawa.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya maafisa lishe. Naam, lakini afisa lishe humfikia mgonjwa pale daktari anapotambua kuwa anahitajika. Tena, katika jamii yetu neno la daktari bingwa lina uzito wa pekee.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa ubingwa, awe wa upasuaji, figo au uzazi, afanye kazi wodini pamoja na afisa lishe kwa muda maalumu. Pili, historia ya ulaji iandikwe katika kila jalada la mgonjwa. Tatu, lishe iulizwe katika mtihani wa mwisho. Mimi ni mwalimu. Najua kisichotahiniwa hakisomwi.

Serikali ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973. Nusu karne baadaye, mgonjwa wetu bado anaambiwa "kula vizuri" na kuonyeshwa mlango. Vyuo vyetu vina deni, na wanaolilipa ni wagonjwa.