Alamu ni yako, kitabu ni cha nani?

Leo natoa maoni yangu kuhusu alamu za wizi majumbani. Hapa Magwagwa stima ikipotea kwa muda mrefu, betri ya alamu huisha na kisanduku huanza kulia-lia. Nambari yako ya siri huwasha na kuzima tu. Kubadilisha mipangilio kunahitaji nambari ya pili, ile ya fundi, pamoja na kitabu chake cha maelekezo. Wengi wetu hatupewi chochote kati ya hivyo viwili.

Mafundi hujitetea kwamba kitabu kikienea, wezi watakisoma. Mimi kama mwandishi wa programu sikubali. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo uwe salama hata adui akiujua wote, mradi hana ufunguo. Ufunguo hapa ni nambari, si kitabu. Hatari halisi ni nambari ya kiwandani ambayo fundi hakuibadilisha. Visanduku vingi vya DSC, kwa mfano, hutoka na 5555, na hilo si siri tena.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua.

Basi, kabla hujamaliza kulipa, dai kitabu. Fundi abadilishe nambari yake mbele yako, nawe uiandike na kuifungia kabatini. La sivyo, siku akihamia Nairobi, huenda ukalazimika kununua kisanduku kipya.