Bustani ni ya Familia, Mbona Hela Inaingia Kwenye Simu ya Baba?

Siku hizi kapo ikitaka watu wajue imetulia haihitaji gari jipya wala safari ya Dubai. Inatupia video ya kiwanja. Mwanzo ni pori tupu: nyasi zimefika kiunoni, chupa za plastiki zimezagaa, kisiki kikubwa katikati, kuku wa jirani wanaibuka huko ndani. Muziki unabadilika, mara matuta yamenyooka, sukuma wiki inameremeta, baba kavaa gambuti mpya, mama kashika ndoo, watoto wanacheka. Chini yake imeandikwa: "Bustani yetu, jasho letu." Laiki kibao, na wale wa "Mungu nipe na mimi mume kama huyu" hawakosi.

Mtindo huu ukitua Tarime na Serengeti, kule mkoani Mara, unakutana na jambo ambalo kamera haioneshi. Kapo zenyewe majina kapuni, na kapu limejaa kweli kweli, maana hawa si watu wawili. Ni yule baba wa Tarime mjini mwenye folowazi wengi kuliko miche. Ni yule wa Mugumu anayefanya kazi kwenye hoteli za hifadhini, anarudi mwisho wa mwezi, anapiga picha na nyanya alizozikuta zimeshaiva. Ni yule wa Sirari anayejiita mkulima wa kisasa na hajui maji ya kumwagilia yanatekwa wapi. Wote wana sifa moja: bustani inaitwa ya familia, ila mteja akiuliza namba ya kutuma hela, inayotajwa ni ya baba. Na ya kutolea juu.

Hapo ndipo penye mjadala. Bustani haiwi ya familia kwa sababu familia nzima imeonekana kwenye video. Inakuwa ya familia pale kazi, hela na ardhi vinapokuwa vya familia. Kikikosekana kimoja, hiyo ni bustani ya mtu mmoja yenye vibarua wasiolipwa, na vibarua wenyewe ni mke na watoto wake.

Ukweli usemwe, wazo lenyewe ni zuri. Tarime ni nchi ya milima, ina ubaridi wake na mvua za misimu miwili, masika na vuli. Udongo wake unabeba migomba, mahindi, ulezi, viazi vitamu, hata kahawa. Wakurya ni wafugaji wa ng'ombe tangu enzi, kwa hiyo samadi si ya kuagiza mbali. Soko nalo lipo: Sirari watu wanavuka kwenda na kurudi Isebania upande wa Kenya, na Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, kuna midomo ya kulisha kila siku. Kiwanja kilichokaa miaka bila kujengwa, kikigeuzwa bustani, mchicha unavunwa ndani ya wiki 3 hadi 4. Sukuma wiki ikishakubali inachumwa kwa miezi kadhaa. Mgagani na mnavu, ambazo baadhi ya watu wa mjini wanaziona mboga za bibi, nazo zina wateja wake. Kwa familia inayonunua fungu la mboga kila jioni, hiyo ni nafuu ya kweli.

Shida inaanzia kwenye lile pori. Kufyeka ni kazi ya siku moja, na ndiyo siku inayorekodiwa. Panga likishapita, huko chini ukoka bado una mizizi yake inayotambaa na ndago ina vile viazi vyake vidogo. Ukikata juu tu, mvua ikinyesha mara moja vinachipua kama hakuna kilichotokea. Dawa yake ni kupiga magoti, kuchimba na kuokota mzizi mmoja mmoja, leo, kesho na wiki ijayo. Inakuja samadi: ikiwekwa mbichi inaunguza miche, kwa hiyo lazima mtu airundike, aigeuze, asubiri ioze. Bado kitalu, bado kumwagilia asubuhi na jioni, bado kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya huku wewe umelala. Hizo ndizo wiki ambazo muziki wa video unaziruka kwa sekunde 2. Na kwenye wiki hizo, mara nyingi aliyepiga magoti ni mama, na waliobeba maji ni watoto wakitoka shule.

Hela ndiyo inayoumbua. Mboga ikiwa ya kuliwa nyumbani, baba atakwambia hayo ni mambo ya mama. Hakuna anayehesabu majani ya maboga. Ngoja sasa mama ntilie aanze kuchukua sukuma wiki kila asubuhi, na mwenye genge aagize ndoo 3 za nyanya kwa wiki. Lugha inabadilika palepale. "Bustani ya mke wangu" inakuwa "mradi wangu". Baba ndiye anayeongea na wateja, anapanga bei, anapokea. Mama anaambiwa, "Kama una shida ya hela si useme nikupe?" Yaani aombe hela ya mboga aliyoipanda mwenyewe! Mwanamke aliyefikishwa hapo hagombani. Anaacha tu kupalilia, kimyakimya, na msimu unaofuata pori linarudi. Majirani watasema kapo imechoka kulima, kumbe kilichomchosha mama ni kunyang'anywa.

Watetezi wa baba wana hoja 2. Ya kwanza, kiwanja kanunua yeye na jina lake ndilo liko kwenye karatasi. Ya pili, eti ndiyo mila, mura hagawani mapato na mwanamke. Zote zinastahili jibu.

Kuhusu karatasi, sheria ilishasema zamani. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inamtambua mwenzi ambaye jina lake halipo kwenye hati lakini nguvu zake zimechangia ardhi ile izalishe, itunzwe na iwe bora zaidi. Kwa nguvu hizo anapata haki ndani ya ardhi hiyo. Kwa lugha nyepesi, kung'oa ndago kunahesabika. Kule kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Hata kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kama kupika na kulea ni mchango, kupanda nyanya zinazouzwa sokoni kunashindwaje kuwa mchango?

Kuhusu mila, wanaoitaja wanapenda kuchagua vipande. Ukuryani kuna nyumba ntobhu, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari na "kuoa" binti ili nyumba yake ipate warithi. Mila hiyo ina ubishi wake na haina haja ya kupambwa. Lakini inaonesha kwamba wazee walijua kuna kitu kinaitwa nyumba ya mama, yenye mali yake na warithi wake. Na kwa mwanaume anayeona aibu kuinama kwenye mboga, mkoa huuhuu ndiko iliko Butiama, alikorudi Mwalimu Nyerere baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 na kushika jembe. Rais mstaafu alilima, wewe mwenye folowazi elfu 3 unaogopa nini?

Baba naye apewe haki yake. Ukitoka Tarime kwenda wilaya ya Serengeti, kwenye vijiji vya jirani na hifadhi kama Robanda, bustani ina mgeni asiyebisha hodi. Tembo. Anaingia usiku, na kazi ya miezi 3 inaisha kabla jogoo hajawika. Huko wanaume na vijana wanakesha na tochi, wanapiga madebe. Wapo wanaozungushia kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, maana tembo hapendi muwasho ule. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, na jina lenyewe linajieleza: jasho linafutwa, halilipwi lote. Mwanaume anayelala nje kwenye baridi akilinda mboga anafanya kazi kweli, tena ya hatari, hata kama haina video kwa sababu ni giza. Kwa hiyo hesabu ya haki haimtoi baba. Inaandika kazi ya kila mtu, ya mchana na ya usiku.

Watoto nao wasisahaulike. Mtoto anayepewa ndoo kila jioni na asipate chochote cha kwake anajifunza kwamba kilimo ni adhabu. Akikua atakimbilia Mwanza au Dar na jembe hataligusa tena. Mtoto aliyepewa tuta lake moja, mchicha wake ukauzwa, akanunua kiatu alichokichagua mwenyewe, huyo hahitaji semina ya ujasiriamali. Na tuta lake lisimwibie muda wa masomo. Bustani iliyomtoa mtoto darasani imeshapata hasara kabla ya mavuno.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kabla panga halijagusa nyasi, familia ikae sebuleni, simu zikiwa pembeni. Daftari moja liandikwe nani anafanya nini na siku gani. Mapato yagawanywe yakiwa bado hayajapatikana, maana hela ikishaonekana akili za watu hubadilika: sehemu ya mbegu na samadi, sehemu ya matumizi ya nyumbani, sehemu ya mama, ya baba na ya watoto. Namba ya kupokelea iwe ya yule anayeuza, na kila Jumapili hesabu isomwe mbele ya wote. Kiwanja kikiwa kinatafutiwa hati, majina mawili yaandikwe, sheria inaruhusu. Na kama kiwanja ni cha baba mkwe, cha mjomba au cha mtu aliyehamia mbali, ruhusa iwe ya maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, muda ukiwa umetajwa. Bila hivyo, mnasafisha pori la mtu misimu miwili, udongo ukishakuwa mzuri mwenyewe anatokea na mafundi wa kuchimba msingi, na hamna pa kushika.

Kuna watakaosema mapenzi hayaandikwi kwenye daftari. Sawa, lakini mwenye genge anaandika deni la fungu moja la matembele, na bado anamsalimia mteja wake kwa tabasamu kesho yake. Kuandika hakuui upendo. Kinachouua ni mtu mmoja kuinama mwaka mzima halafu kuomba nauli ya kwenda kliniki kutoka kwenye hela ya mboga zake.

Wenye umri mdogo ndio wenye nafasi nzuri ya kubadilisha hili, kwa sababu wengi wao bado hawajaoa wala kuolewa. Vijana wa Tarime na Mugumu wanaoishi Mwanza, Arusha na Dar, wenye kiwanja nyumbani kinachoota nyasi huku wao wakipanga chumba kimoja, wanaweza kuanza upya bila kurithi ugomvi wa wazazi. Jambo la kwanza kukubaliana na mchumba lisiwe rangi ya matuta wala jina la akaunti ya bustani. Liwe ni nani anashika jembe na nani anashika hela, na kama ni zamu, zamu iwe ya vyote viwili.

Kwa hiyo ikipita video nyingine ya pori kugeuka bustani, laiki usinyime, jasho ni jasho. Ila angalia kucha za nani zina udongo, kisha uliza namba ya kutuma hela ni ya nani. Jibu likiwa ni la watu walewale, hiyo kapo iigwe. Likiwa tofauti, subirini msimu mmoja tu, nyasi zitawajibu.

Haya wadau, bila kutaja majina: kwenu anayepalilia ni nani, na hela inaingia kwa nani?