Joto Lipoteapo Si Umeme Uliopotea

Mara kwa mara wanafunzi huambiwa kwamba joto la meko, injini na matanuri ya viwanda ni umeme unaotupwa bure. Hapana shaka kwamba hasara ipo. Katika injini ya dizeli, zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta huishia katika moshi na katika maji ya kupozea. Ndipo hutajwa jenereta ya themoelektriki, kifaa kisicho na gurudumu wala mvuke, kuwa ndiyo dawa. Kwa maoni yangu kifaa hiki chastahili kufundishwa na kutumiwa, lakini hatuna budi kujua kwanza mipaka yake.

Msingi wake ulionekana Berlin mwaka 1821. Thomas Johann Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti zikawa kitanzi, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani kwamba joto limezaa usumaku. Baadaye ilifahamika kwamba lililozaliwa ni mkondo wa umeme. Elektroni za upande wa moto huwa na nishati zaidi, nazo huenea kuelekea upande wa baridi, na hivyo volti hutokea. Jenereta za siku hizi hutumia nusukipitishi, kama vile mchanganyiko wa bismuthi na teluri, kwa kuwa kitu kifaacho kwa kazi hii sharti kipitishe umeme kwa wepesi na papo hapo kizuie joto. Metali za kawaida hupitisha vyote viwili.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme upande wa moto una nyuzi 227 za Selsiasi, yaani kelvini 500, na upande wa baridi nyuzi 27, yaani kelvini 300. Kwa kanuni aliyoiasisi Sadi Carnot mwaka 1824, hakuna mashine yoyote iwezayo kugeuza zaidi ya asilimia 40 ya joto hilo kuwa kazi. Jenereta ya themoelektriki hufikia takriban asilimia 5 tu. Kwa hiyo wati 1,000 za joto zitatupa wati 50 za umeme, na wati 950 zilizobaki sharti ziondolewe upande wa baridi. Zisipoondolewa, upande huo nao utapata moto, tofauti ya halijoto itapungua, na umeme utafifia. Kumbe kilicho adimu katika jambo hili ni baridi, wala si joto!

Hata hivyo, ufanisi mdogo haumaanishi kwamba kifaa hakina kazi. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, kilianza safari kikiwa na takriban wati 470 zitokanazo na joto la plutoniamu, na kwa zaidi ya miaka 40 kiliendelea kuleta habari kutoka mahali ambapo mwanga wa jua ni hafifu mno. Katika miaka ya 1950, Umoja wa Kisovieti, ambako Abram Ioffe aliongoza utafiti wa nusukipitishi, ulitengeneza jenereta zilizowekwa juu ya taa ya mafuta ili ziendeshe redio vijijini. Katika mifano yote miwili umeme uliohitajiwa ulikuwa kidogo, na njia nyingine zilikuwa ngumu au hazikuwapo.

Nasi tupime kwa mizani hiyo hiyo. Viwanda vya sukari, kama kile cha Kilombero, huchoma makapi ya miwa, hupata mvuke, huzungusha tabo za umeme, kisha mvuke huo hutumika kuchemshia maji ya miwa. Mahali penye joto jingi namna hiyo, mvuke huishinda themoelektriki kwa mbali. Nyumbani, paneli ya jua hugeuza karibu sehemu moja ya tano ya mwanga kuwa umeme bila kuhitaji kuni wala maji ya kupozea. Jiko litoalo wati chache laweza kumfaa mtu apikaye usiku na kutaka taa au kuchaji simu. Lakini shule isishawishike kutumia fedha zake chache kwa ahadi ya kuendesha mashine kwa joto la jiko la bweni, kabla ya kuuliza: upande wa baridi utapozwa na nini?

Walimu wanaweza kulidhihirisha jambo hili kwa gharama ndogo. Sokota pamoja ncha za waya wa chuma na waya wa shaba ili upate viungo viwili. Tumbukiza kimoja katika maji yachemkayo na kingine katika maji ya barafu, kisha pima volti kwa mita nyepesi iliyounganishwa katikati ya waya wa shaba. Itapatikana takriban milivolti 1. Halafu acha maji ya barafu yapate joto, na wanafunzi watazame kipimo kikishuka ingawa maji ya upande wa pili yangali yanachemka.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Lakini mwenye busara hukipima kibaba chake kabla ya kuahidi karamu. Kijana aliyeiona milivolti hiyo moja ikififia atajua la kumwuliza mfanyabiashara atakayekuja na mtambo wa ajabu.